Mzigo unakwenda Lubumbashi: kagua njia kabla ya kutaja bei

Juzi dada mmoja wa Kariakoo, anayeagiza vyombo vya plastiki kutoka Guangzhou, alinifungulia ramani kwenye simu. "Kaka, Congo si hii hapa, ng'ambo ya ziwa tu?" Alikuwa amepata mteja Lubumbashi na tayari ameshamtajia bei. Tulikaa hadi jioni tukiifumua. Haya ndiyo ninayoyafuata kila mzigo wa transiti, yaani unaopita nchini kwenda nchi nyingine, unaponijia.

1. Uliza ni Congo ipi, yaani upande upi wa DRC. Kinshasa inalishwa na Matadi, bandari ya mtoni upande wa Atlantiki. Kutoka hapo hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,500 hewani. Mzigo wa Goma huja sana kwa Mombasa na Kampala. Kalemie na Uvira, pitisha Kigoma. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ndizo za barabara ya Tunduma, inayokatiza Zambia.

2. Bandari. Ukanda wa shaba, ndiko Lubumbashi iliko, hauna bahari, ila unagombewa na Dar, Beira, Durban na Lobito. Kwa mzigo wa China, mimi ni Dar tu.

3. Lori, reli au ziwa. Ziwa Tanganyika linadanganya watu kwenye ramani. Ukishafika Kalemie, Lubumbashi bado iko mbali, na barabara ya kwenda kusini si ya kumwahidi mteja tarehe. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na upana wa reli zake ni ule ule wa Zambia na Katanga, mkoa wa Lubumbashi, milimita 1,067. Reli ya kati ya zamani ni milimita 1,000, hivyo behewa lake haliingii huko. Kwa shaba na mbolea nyingi, reli ni sawa. Kwa kontena moja la mabeseni, chukua lori.

4. Hesabu siku, na uhesabu kontena tupu linavyorudi. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo vumilia maneno.

Mwaka juzi nilimhesabia mteja siku za kwenda kwa kugawanya kilomita. Lori likafika Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo, likakuta foleni imeenda mbali hadi dereva anapika ugali pembeni ya tela. Siku tisa. Kontena ni mali ya kampuni ya meli, na siku za bure zikiisha unalipa kila siku inayopita, liwe na mzigo au tupu. Mzigo uliposhushwa, mwenye lori akagoma kulirudisha kontena bila kuongezwa hela. Alikuwa na haki. Malori ya njia hii yanapanda na bidhaa na kushuka na shaba, na nauli ya kupanda inavumilika kwa sababu ya ile shaba. Kontena tupu likikaa juu ya tela, shaba haipakiwi. Dipoziti yote niliyoweka kwa kampuni ya meli ikaliwa na demareji, yaani hiyo tozo ya kuchelewesha kontena, na juu yake nikaongeza za mfukoni.

Tangu siku hiyo nahamisha mzigo Dar. Tunafungua kontena mbele ya ofisa wa forodha, tunapakia kwenye tela, tunafunika turubai, kamba inapigwa lakiri, na kontena linarudishwa wiki hiyo hiyo. Ila angalia:

- Vioo na vigae viache ndani ya kontena. Vibarua hawana huruma.
- Turubai likiwa na tundu, hata dogo, utabishana nalo kila mpaka.
- Vyombo vya plastiki vinajaza nafasi kabla ya uzito, lakini mzigo mzito upange sawasawa juu ya ekseli. Kikomo cha juu ni tani 56, lori na mzigo pamoja, na unaweza kuwa chini ya hapo bado ekseli moja ikakufelisha mizani ya Vigwaza.
- Wapo wanaopakia shaba ndani ya kontena lile lile kushuka. Inafaa, mradi kampuni ya meli imekubali kwa maandishi. Kwa simu haitoshi.

5. Karatasi. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengi wanadhani mambo yamekwisha hapo. Mabeseni ya Guangzhou ni ya China popote yanapopita, ushuru uko pale pale. Halafu Zambia si mwanachama: mzigo unatoka kwenye jumuiya pale Tunduma na kurudi ndani Kasumbalesa, kwa hiyo dhamana ya transiti unaihitaji Tanzania na Zambia pia. FERI, fomu ya taarifa za mzigo unaoingia Congo inayotolewa na OGEFREM, shirika la serikali ya huko, ishughulikiwe mapema, mteja wa Lubumbashi akiwa na nakala.

6. Tunduma. Weka wakala pande zote mbili. Saa ya Nakonde, upande wa Zambia, iko nyuma ya yetu kwa saa moja, kwa hiyo dereva akikwambia ameahidiwa karatasi saa tisa, muulize kwanza saa tisa ya upande gani.