Kutubu wizi: namna ya kurudisha ulichochukua

Anza kwa kulitaja kosa kwa jina lake. "Bwana, nisamehe makosa yangu yote" ni sala nzuri ya kulalia, ila haitaji kitu. Sema: niliiba shilingi 50,000 dukani kwa shemeji.

Kisha piga hesabu. Katika Biblia, kitabu cha Hesabu 5:7 kinaagiza kuungama, kurudisha chote na kuongeza sehemu ya tano: kwa 50,000 unalipa 60,000. Zakayo, mtoza ushuru aliyetubu mbele ya Yesu, aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Mkristo hanunui msamaha kwa nyongeza hiyo, lakini inaziba ujanja wa kurudisha nusu kimyakimya.

Nenda mwenyewe, tena usiwe na maelezo marefu. Wengi huharibu hapa: "Nilikosa, lakini na wewe ulinichelewesha mshahara." Hiyo "lakini" inageuza toba kuwa kesi. Huna fedha? Ungama leo, lipa kidogo kidogo kwa tarehe mlizokubaliana. Mwenye mali amefariki? Wape warithi. Waumini wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo la toba lililochipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walijulikana kwa kurudisha vya wizi hadharani.

Asipokusamehe, usimshinikize, endelea kulipa. Na ufunguo wa duka, kama bado unao, mkabidhi siku hiyohiyo.