Malipo ya Chini ya Kadi ya Mkopo: Jinsi ya Kuyapigia Hesabu Ukiwa Ughaibuni

Mtu aliyekopa kwenye SACCO ya Masaka au Mbale, nchini Uganda, anajua siku ile ile anapotia saini kwamba rejesho lake ni kiasi gani na mwezi wa mwisho ni upi. Analipa anachoambiwa, deni linaisha. Akifika Boston, London au Dubai anapewa kadi ya mkopo, na kila mwezi inakuja taarifa yenye kiasi kinachoitwa malipo ya chini, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho benki inakubali ulipe mwezi huo. Analipa kiasi hicho bila kukosa, kama alivyozoea nyumbani. Miaka inapita na deni bado linamtazama.

Sababu ni kwamba malipo ya chini hayakupangwa kumaliza deni. Yamepangwa kukuweka katika hali nzuri na benki. Salio likipungua, nayo hupungua, kwa hiyo mwendo wa kulipa unazidi kupoa kadiri unavyosonga mbele. Ukitaka kuliona hilo kwa macho yako, kaa na lahajedwali kwa nusu saa.

Kwanza jua kanuni ya kadi yako, maana hazifanani. Marekani benki nyingi kubwa huchukua 1% ya salio, huongeza riba ya mwezi na ada kama zipo, kisha huweka kiwango ambacho malipo hayawezi kushuka chini yake, kwa mfano dola 25, 35 au 40. Vyama vya akiba na mikopo vya huko mara nyingi huchukua asilimia isiyobadilika ya salio lote, kama 2% au 3%. Benki nyingi za Falme za Kiarabu hudai 5% ya salio. Quebec, nchini Canada, sheria yenyewe ilikipandisha kiwango hicho polepole kwa kadi za zamani, kuanzia 2019 hadi kufika 5% mwaka 2025. Kanuni yako imeandikwa kwenye mkataba wa kadi, kwa herufi ndogo. Itafute humo, usiikisie.

Sasa fungua LibreOffice Calc, Excel au lahajedwali ya Google. Tuchukue deni la dola 2,400, riba ya 24% kwa mwaka, kanuni ya 1% pamoja na riba, na kiwango cha dola 35. Safu ya A ni mwezi. Kwenye B2 andika 2400. Kwenye C2 weka riba: =B2*24%/12. Kwenye D2 weka malipo ya chini: =MIN(B2+C2, MAX(35, B2*1%+C2)). Kwenye E2 weka salio linalobaki: =B2+C2-D2. Kwenye B3 andika =E2, nakili fomula nyingine ziingie mstari wa tatu, kisha buruta mstari huo wote kushuka chini mpaka salio lifike sifuri. Kama kompyuta yako imewekwa kwa mtindo wa Ujerumani au Uswidi, fomula itagoma mpaka ubadilishe mkato kuwa nukta mkato.

MAX ndiyo inayochagua kikubwa kati ya dola 35 na hesabu ya asilimia. MIN iko pale kwa ajili ya mwezi wa mwisho, usije ukalipa kuliko unachodaiwa.

Mwezi wa kwanza utaona riba ya dola 48, malipo ya dola 72, na deni limepungua kwa dola 24 tu. Buruta zaidi. Itachukua miezi 128, yaani zaidi ya miaka kumi, na ukijumlisha safu ya C utakuta umelipa riba ya zaidi ya dola 3,200 kwa deni la 2,400. Na hapo hujaongeza hata soda moja kwenye kadi.

Sasa futa fomula ya D2 na uandike =MIN(B2+C2, 72), uiburute hadi chini. Hizo dola 72 ni zile zile ulizodaiwa mwezi wa kwanza, ila umekataa kuziacha zipungue. Deni linaisha kwa miezi 56, na riba inashuka hadi karibu dola 1,600. Hujaongeza senti juu ya ulichoweza kulipa mwezi wa kwanza. Umeigeuza kadi ikawa mkopo wa SACCO wenye mwisho. Ukiweza dola 120, ni miezi 26 na riba ya karibu 700. Mimi ningeanzia hapo kwenye 72, kwa sababu ndicho kiasi ambacho mfuko wako umeshathibitisha kuwa unakiweza.

Programu za kutunza fedha kama GnuCash, ambayo ni ya bure, zitakusaidia kwa namna nyingine. Humo kadi inafunguliwa kama akaunti ya deni, unaandika kila matumizi, na unaweza kupanga malipo yajirudie kila mwezi. Inabeba pia akaunti za shilingi ya Uganda kando ya dola au pauni, jambo la maana kwa mtu mwenye kiwanja Mukono na kodi ya nyumba Toronto. Lakini usiitegemee ijue kanuni ya malipo ya chini ya benki yako. Piga hesabu kwenye lahajedwali, kisha peleka jibu kwenye GnuCash kama malipo yaliyopangwa.

Hesabu yako na taarifa ya benki zitatofautiana kidogo, na hilo lisikutie hofu. Benki nyingi hupiga riba kwa siku, si kwa mwezi, kwa hiyo mwezi wa siku 31 hutoa kama dola 48.92 badala ya 48. Pia wao wanatumia salio la siku ya kufunga taarifa, wakati wewe huenda umeangalia salio la leo asubuhi. Tofauti ikizidi dola chache, tafuta ada: faini ya kuchelewa, au ile ya matumizi ya nje ya nchi, ambayo mara nyingi ni kama 3%, uliyokatwa ulipolipia hoteli Jinja.

Linalowaumiza Waganda wengi ni kutuma pesa. Mihula ya shule ni mitatu, inaanza Februari, Mei na Septemba, na katikati kuna kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba) ya binamu na mabugo (mchango wa msiba) ya jirani. Mshahara haujaingia, mama anasubiri kwenye simu, basi unatuma kwa kadi ya mkopo. Benki nyingi huhesabu hilo kama kutoa pesa taslimu: kuna ada papo hapo, riba mara nyingi iko juu zaidi, na inaanza kukimbia siku hiyo hiyo bila muda wa msamaha. Kule nyumbani anayetoa pesa kwenye MoMo (pesa za simu) naye anakatwa ada na kodi ya 0.5%.

Kwenye lahajedwali, deni la namna hii lipe karatasi yake yenye riba yake. Marekani, sheria ya kadi ya 2009 inasema kiasi unacholipa juu ya malipo ya chini lazima kiende kwanza kwenye deni lenye riba kubwa. Malipo ya chini yenyewe hayabanwi hivyo. Benki inaweza kuyaelekeza kwenye deni la riba ndogo. Maana yake, ukilipa ya chini tu, karo uliyotuma Februari inaweza kukaa pale pale ikizaa riba mpaka Septemba. Kama huna njia nyingine, tuma kwa kadi ya benki ya kawaida inayokata pesa yako mwenyewe, hata kama ni nusu ya karo, na uiombe shule ikupe muda kwa nusu iliyobaki.

Sheria hiyo hiyo inalazimisha taarifa ya Marekani kuonyesha itachukua muda gani ukilipa ya chini tu, na ulipe kiasi gani ili umalize kwa miaka mitatu. Tumia takwimu hizo kukagua lahajedwali yako. Uingereza, tangu 2018, ikiwa kwa miezi 18 umelipa riba na ada nyingi kuliko kiasi ulichopunguza kwenye deni lenyewe, mtoa kadi analazimika kukutafuta mzungumze.

Ukija nyumbani Desemba, kumbuka tofauti ya saa siku ya mwisho ya kulipa kadi. Saa kumi na moja jioni ya New York wakati huo ni saa saba usiku Kampala, tayari tarehe nyingine. Na ujumbe wa namba ya siri ya benki unaenda kwenye laini ya simu ya ng'ambo, ambayo huenda isishike mtandao ukiwa kijijini. Kabla ya kupanda ndege ya Entebbe, agiza malipo yajikate yenyewe kwa kile kiasi ulichokishikilia, na uhakikishe hakijapungua kuliko malipo ya chini ya mwezi huo.