Somo: Kurekebisha kanvasi ya biashara ili ifae kampuni ya nishati

Kanvasi ya visanduku tisa, yaani karatasi moja inayoonyesha biashara inavyofanya kazi, wengi wetu tunaijua: wateja, thamani, njia za kuwafikia, mahusiano, mapato, rasilimali, shughuli, wabia na gharama. Kwa kampuni ya umeme ina pengo moja kubwa: haina saa. Kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha mitambo na wateja, umeme unaozalishwa na unaotumika lazima vilingane wakati wote, la sivyo masafa (kasi ya mapigo ya umeme) yanayumba na mitambo inaanza kujizima. Kwa hiyo uniti (kilowati moja kwa saa moja) ya saa sita mchana na uniti ya saa mbili usiku ni bidhaa mbili tofauti, hata kama mita inazihesabu sawa.

Hatua ya 1: Gawa kisanduku cha wateja. Tenganisha anayetumia, anayelipa na anayeruhusu. Mwenye mtambo anayeuzia gridi hulipwa na shirika la umeme, si kaya, na mara nyingi kwa mkataba wa miaka 15 hadi 25. Mdhibiti, yaani mamlaka inayosimamia sekta ya umeme, hanunui hata uniti moja, lakini asipoidhinisha leseni au bei, hakuna biashara. Mwandikeni.

Hatua ya 2: Chora mstari wa saa 24 chini ya kanvasi. Hapa msiharakishe. Juu ya mstari weka matumizi ya wateja saa kwa saa, chini weka uzalishaji wako. Kama ni sola, utaona mchana umeme unabaki, na jioni watu wakiwasha taa na majiko, huna kitu. Andika utalizibaje pengo hilo: betri, jenereta, kununua kwa mwingine, au bei nafuu ya mchana ili wenye mashine na pampu wahamishie kazi huko. Kila jibu linarudi juu kubadilisha visanduku. Betri inagusa gharama na rasilimali, na ya lithiamu hurudisha takriban uniti 85 hadi 90 kwa kila 100 ulizoweka. Bei ya mchana inagusa mapato na mahusiano, maana lazima mtu amweleze mteja akaelewa.

Hatua ya 3: Kadiria mapato kwa uniti, si kwa ukubwa wa mtambo. Chukua mtambo wa sola wa kilowati 1,000. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo kwenye karatasi ni uniti 8,760,000. Lakini kuna usiku na mawingu. Tukichukulia mtambo unatoa 20% ya uwezo wake, zinabaki 1,752,000. Zikipotea 10% kwenye nyaya na kwa wizi, unauza 1,576,800. Hiyo ndiyo namba ya kuingiza kwenye kisanduku.

Hatua ya 4: Pasua gharama mara mbili, mtaji na mafuta. Sola na upepo hula fedha karibu zote mwanzoni, kwa hiyo riba ya mkopo huamua sehemu kubwa ya bei ya uniti. Dizeli ni kinyume chake.

Hatua ya 5: Bandika tarehe za leseni na mikataba kuisha, kisha pitia upya kanvasi nzima kila bei inapobadilishwa.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo, mwalimu. Sisi tunauza sola za nyumbani kwa mkopo. Hatua ya 2 inatuhusu?*

Kidogo sana, ndugu yangu. Ninyi kwanza ni wakopeshaji. Badala ya saa 24, chora miezi ya mkopo: fedha mliyotoa, inayorudi, na wanaochelewa. Kisanduku cha mahusiano kibebe matengenezo, kwa sababu mteja ambaye betri yake imekufa haoni sababu ya kulipa.

*Kampuni yetu inalipwa kwa kupunguza matumizi ya viwanda. Tunauza nini hasa?*

Tofauti kati ya matumizi ya zamani na ya sasa. Pimeni ya zamani kabla hamjagusa taa wala mota, na mkubaliane kwa maandishi mtafanyaje kiwanda kikiongeza zamu. Bila hilo, kila ankara ni ugomvi.

*Mteja mkubwa akifunga paneli zake mwenyewe, aende kisanduku gani?*

Viwili: mteja na mbia. Mchana huenda akakuuzia, usiku ananunua. Ila nyaya na transfoma zinazomhudumia zina gharama ileile hata akinunua uniti chache, kwa hiyo kwenye mapato tenga ada ya kuunganishwa na bei ya uniti, kisha upeleke pendekezo hilo kwa mdhibiti kabla hawajawa wengi.