Kuchagua kizingiti cha kipimo cha ugonjwa

Kipimo kinachotoa namba hakisemi nani mgonjwa mpaka uweke mpaka: kuanzia hapa ni chanya, chini yake ni hasi. Huo ndio kizingiti.

Kabla ya hesabu, kagua data. Kila mtu awe amepimwa kwa kipimo chako na kwa kipimo cha rejea (kile kinachoaminika kuonyesha nani mgonjwa kweli), na anayesoma kimoja asijue jibu la kingine. Wakithibitishwa waliotoka chanya peke yao, wagonjwa waliokosewa hawataonekana, na unyeti utapanda bure. Usilinganishe mahututi na vijana wenye afya tele. Hapo hata kipimo hafifu hung'ara. Chukua wanaoshukiwa kuugua, jinsi wanavyofika kliniki.

Sasa panga majibu kutoka dogo hadi kubwa. Kwenye kila thamani hesabu unyeti (sehemu ya wagonjwa waliotoka chanya) na umahususi (sehemu ya wasiougua waliotoka hasi). Tuseme una wagonjwa 80 na wasiougua 120. Kizingiti kikiwa 10, wagonjwa 72 ni chanya na wasiougua 96 ni hasi: unyeti 90%, umahususi 80%. Kikiwa 14, ni 60 na 114: 75% na 95%. Fahirisi ya Youden (unyeti jumlisha umahususi, toa 1) ni 0.70 kote kuwili.

Programu itakuchapia kimojawapo kama "bora", lakini haijui unatafuta ugonjwa gani. Youden huyapa makosa yote mawili uzito mmoja. Ikiwa kumkosa mgonjwa ni hatari na kipimo cha kuthibitisha kipo, chukua 10. Ikiwa chanya humpeleka mtu moja kwa moja kwenye upasuaji, chukua 14.

Halafu angalia utakapokitumia. Katika data hizi, chanya 96 za kizingiti cha 10 zina wagonjwa 72, yaani 75%. Kipeleke kwa watu 10,000 ambao 100 tu wanaugua: utapata chanya za kweli 90 na za uongo 1,980. Kati ya chanya hizo, wagonjwa wa kweli ni takribani 4% tu. Kwa 14 ni 75 dhidi ya 495, kama 13%.

Andika pia masafa ya uhakika, yaani unyeti wa kweli unaweza kuwa kati ya wapi na wapi. Kwa njia ya Wilson (kanuni ya kukokotoa masafa hayo), 72 kati ya 80 ni 81% hadi 95% (uhakika wa 95%), upana usiofichika. Na kizingiti kilichochaguliwa kwenye data hizohizo hujipendelea, hasa sampuli ikiwa ndogo. Kijaribu kwa wagonjwa wapya bila kukigusa. Majibu yasiyosomeka usiyatupe, yaripoti kwa idadi yake.