Bati la rangi gani?
Unaezeka nyumba Dar, Tanga au Mombasa? Tafadhali usichukue bati jeusi au la kijivu kilichokoza kwa sababu tu limependeza kwa jirani. Jua la mchana huweza kulipasha likapita nyuzi 60 za Selisiasi, na joto hilo hushukia vyumbani. Feni inazunguka usiku kucha, umeme unakwisha. Chukua nyeupe, krimu au rangi nyingine nyepesi inayorudisha mwanga.

Kisha mwambie fundi aache matundu ya hewa kwenye ukingo wa paa na juu kwenye kofia, yaani kilele cha paa, yawekwe wavu popo wasiingie. Hewa ya moto iliyonaswa juu ya dari lazima ipate pa kutokea. Foili, yaani karatasi ya alumini inayong'aa, chini ya bati nayo inasaidia sana, mradi kuwe na nafasi kati yake na bati. Vikigusana, faida inapungua.

Kwenye geji, yaani kipimo cha unene wa bati, namba ndogo ndiyo bati nene: 28 ni nene kuliko 30. Karibu na bahari ulizia lenye mchanganyiko wa alumini na zinki, maana chumvi hula bati.

Paa lako tayari ni jeusi? Usilibomoe. Lisafishe, likauke, ulipake rangi nyeupe ya paa.