Umechaguliwa vyuo viwili vya udaktari wa mifugo? Anza kuhesabu na mwaka wa tano

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipumziki. Watu wa huku Missenyi wananijua kama daktari wa mifugo, na wengi wana kijana aliyeomba SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, akaomba pia Makerere, na kote kumejibu. Kwa mkoa wa Kagera si jambo la ajabu. Ukitoka Kyaka asubuhi ukavuka mpaka Mutukula, jioni uko Kampala, wakati Morogoro unaivuka nchi nzima kwa basi. Swali huwa moja: "Daktari, aende wapi?" Ninachowajibu kwa simu nakiandika hapa kwa kirefu, maana simu haitoshi.

Usianze na jina la chuo, wala umbali. Anza na mwaka wa tano.

Shahada ya tiba ya mifugo ni miaka 5, Morogoro na Kampala vilevile. Miaka ya mwanzo utasoma anatomia, fiziolojia, biokemia na vimelea, na mifupa ya ng'ombe ni ileile popote utakapoisomea. Vyuo huanza kuachana mwaka wa nne na wa tano, mwanafunzi anapoingia zamu za kliniki, machinjioni na vijijini kwa wafugaji. Na hapo hapo ndipo pesa huwakatikia watu, kwa sababu likizo zinaliwa na mafunzo kwa vitendo, hakuna tena nafasi ya kutafuta kibarua, na mzazi aliyeuza ng'ombe wawili kulipia mwaka wa kwanza hana tena cha kuuza. Kwa hiyo chuo kisichokufaa ni cha aina mbili: kile ambacho huwezi kukilipia hadi mwisho, na kile kitakachokufikisha mwisho mikono yako ikiwa haijashika wanyama. Mengine yote yanavumilika.

Mikono yako itashika nini

Chukua kazi moja tu, kupima mimba ya ng'ombe. Unavaa glovu ndefu inayofika begani, unapaka kilainishi, unaingiza mkono taratibu kwenye njia ya haja kubwa, unatoa kinyesi, kisha unatafuta shingo ya kizazi kwenye sakafu ya nyonga. Utaijua kwa sababu ni ngumu katikati ya vitu laini. Kutoka hapo unafuata mbele hadi kizazi kinapogawanyika pembe mbili. Kama ng'ombe ana mimba ya miezi miwili na ushee, pembe moja imejaa kuliko nyenzake, ukuta wake umekuwa mwembamba, na ukiibonyeza kidogo unasikia maji yakicheza chini ya vidole. Mwanafunzi anayeanza hasikii lolote kati ya haya. Anasikia joto, anasikia ng'ombe anakaza, na mkono unakufa ganzi. Masikio ya vidole hufunguka kwa kurudia, ng'ombe baada ya ng'ombe, mwalimu akiwa pembeni na jibu lake. Hakuna kitabu kitakachokufundisha hilo, na mfugaji aliyekuita atajua ndani ya dakika tano kama ulifundishwa.

Ndiyo maana nasema: tafuta namba ya mwanafunzi wa mwaka wa tano katika kila chuo. Usimpigie wa mwaka wa kwanza. Huyo atakusimulia hosteli na chakula. Wa mwaka wa tano muulize hivi:

- Umepima mimba ng'ombe wangapi kwa mkono wako mwenyewe?
- Mbwa akifungwa uzazi, wewe unashika kisu au unashika taa?
- Mkienda machinjioni, nani anakata tezi, ninyi au mkaguzi peke yake?
- Mwaka wa kwanza mlikuwa wangapi kwenye mzoga mmoja wa anatomia?
- Fildi, yaani mafunzo ya nje ya chuo, ulipelekwa wapi, na nauli alilipa nani?

Andika majibu ya pande zote mbili kwenye karatasi moja. Ukiweza kuwapata wawili kila chuo, bora zaidi, maana mmoja anaweza kuwa mvivu aliyekaa nyuma ya wenzake miaka yote. Na akikuonyesha logibuku yake, daftari la kazi alizofanya, usihesabu kurasa. Angalia ni kazi ngapi alifanya mwenyewe na ni ngapi alisimama akitazama.

Swali la machinjio watu hulidharau, nami nalishikilia. Kukata mirija ya nyongo kwenye ini kutafuta minyoo bapa, kuchana misuli ya taya kutafuta vifuko vya tegu, kufungua tezi za mapafu kutafuta kifua kikuu: hiyo ndiyo kazi inayomlinda mtu ambaye hata hafugi. Daktari aliyejifunza kwa picha atapiga mhuri nyama ambayo hakuiona.

Morogoro na Kampala, kila mji na mifugo yake

SUA iko chini ya milima ya Uluguru. Ukitoka mjini kidogo tu, Mvomero na Kilosa, unakutana na makundi makubwa ya ng'ombe wa asili wa Wamasai na Wabarbaig. Chuo kina shamba lake la Magadu na hospitali yake ya wanyama. Hapo hapo chuoni ndipo shirika la APOPO wanapofunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu, kwa hiyo mwenye kupenda utafiti ana mahali pa kuchungulia. Hifadhi ya Mikumi nayo iko kwenye barabara ya kwenda Iringa. Kwa anayetaka kufanya kazi na wafugaji wa kuhamahama, au serikalini katika halmashauri zetu, sioni mahali panapomtayarisha vizuri zaidi, na nasema hivyo nikiwa nimesoma huko na kufanya kazi na waliosoma kwingine.

Makerere ni mjini Kampala. Mbwa na kuku ni wengi, na nguruwe pia, maana Uganda inakula nguruwe kuliko jirani zake wote wa Afrika Mashariki. Anayetaka kliniki ya wanyama wadogo au ufugaji wa kibiashara wa kuku na nguruwe atakuwa karibu na kazi yake. Upande wa magharibi kuna Mbarara na Kiruhura, nchi ya maziwa na ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Hapa kijana wa Kagera ana jambo ambalo mwenzake wa Lindi hana. Ng'ombe wale ndio wetu wa Karagwe na Missenyi, na Kinyankole na Kihaya vinasikilizana. Nusu ya utambuzi wa ugonjwa ni maneno ya mfugaji: ameacha kula lini, amehamishwa malisho lini, aliogeshwa lini. Mwanafunzi anayesubiri mkalimani hupata majibu yaliyofupishwa.

Kuhusu magonjwa usiwe na hofu, mpaka haukuyagawa. Ndigana kali inayoua ndama hapa Kyaka ndiyo inayoua Masaka, inaletwa na kupe yuleyule wa masikio. Kwenye vyuo vyote viwili utafundishwa kuchoma tezi iliyovimba chini ya sikio, kuvuta majimaji kwa sindano, kuyapaka kwenye kioo, kuyatia rangi ya Giemsa na kumtafuta mdudu kwa hadubini. Cha kuuliza ni kama kila mwanafunzi anapata hadubini yake au mnapanga foleni. Dawa ya ndigana ni ya bei na inafaa zaidi ikiwahi, kwa hiyo daktari asiyejiamini kwenye hadubini anamtia mfugaji hasara mara mbili.

Tena waulize kuhusu magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa watu. Machi 2023 homa ya Marburg ilipotangazwa hapa Kagera, na tena Januari 2025 kule Biharamulo, tuliona wazi kwamba kumjua popo mla matunda, anayebeba virusi vyake, ni kazi ya daktari wa mifugo kama ilivyo ya daktari wa watu. Chuo kinachowakutanisha wanafunzi wa mifugo na wale wa tiba ya binadamu kabla hawajahitimu kinapata alama nyingi kwangu.

Pesa, mwaka kwa mwaka

Kaa na mzazi, chukueni daftari, mchore safu tano, moja kwa kila mwaka. Chini ya kila safu andikeni ada, malazi, chakula, nauli na fildi. Kisha vile vitu ambavyo fomu ya kujiunga huvitaja kwa mstari mmoja lakini vinakula pesa: ovaroli, mabuti ya mpira, koti jeupe, stetoskopu, kipimajoto, seti ya kupasulia. Ongezeni chanjo ya kichaa cha mbwa, na muulize chuo kama kinaitoa au kila mtu anajilipia. Hii si ya kusubiri. Mwanafunzi anayeingia kliniki bila chanjo hiyo asiguse mbwa hata mmoja.

Kwa aliyechaguliwa SUA, Bodi ya Mikopo inaweza kubeba sehemu kubwa: ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo. Mkopo huo ni wa vyuo vya nchini, kwa hiyo anayekwenda Kampala asipange maisha yake kwa kutegemea bumu, yaani pesa hizo za Bodi. Lakini mkopo ni deni. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi uishe. Mzazi mwenye uwezo wa kulipa ada ya Makerere miaka yote mitano bila kukopa anaweza kumwachia mtoto mshahara mzima. Mzazi anayeweza kulipa miwili tu, mtoto aende Morogoro, na hapa sina "labda".

Kwa upande wa Kampala hesabu pia pasipoti, kibali cha mwanafunzi na kupanda na kushuka kwa shilingi. Ulizeni ada imepangwa kwa sarafu gani na kama mwanafunzi wa Afrika Mashariki analipa sawa na Mganda. Weka na akiba ya nusu mwaka kwa lolote. Novemba 2016 Rais Museveni aliifunga Makerere kwa sababu ya mgomo, ikafunguliwa Januari 2017. Likitokea la namna hiyo, mwanafunzi wa nje awe na nauli ya kurudi kwao.

Usajili

Shahada peke yake haikupi ruhusa ya kutibu. Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, lazima usajiliwe na Baraza la Veterinari Tanzania. Anayesoma nje apeleke jina la chuo na la shahada kwa Baraza kabla hajaondoka, aulize kwa maandishi watamtaka nini akirudi, na aitunze barua ya majibu. Aulize pia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kuhusu kutambuliwa kwa tuzo ya nje. Madaktari wa mifugo wa Afrika Mashariki wana makubaliano ya kutambuana, na ni jambo jema sana, lakini faili lako bado utalipeleka wewe.

Kwa ndugu zetu wa Kenya wanaochagua kati ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Egerton kule Njoro, kipimo ni kilekile. Kabete wamezungukwa na jiji na wanyama wake wa majumbani. Njoro iko katikati ya nchi ya maziwa ya Nakuru. Pigieni simu wa mwaka wa tano.

Kwa wazazi wa mabinti

Huniuliza kama kuna chuo "chepesi" kwa msichana. Hakuna, na wala hakihitajiki. Ng'ombe hashindwi kwa misuli, anashindwa kwa kamba, kizimba na utulivu wa anayemshika. Kondoo au mbuzi akikwama kuzaa, mkono mdogo ndio unaopita kumgeuza mtoto. Ulizeni badala yake kama hosteli za fildi zina ulinzi, wasichana hulala wapi wakipelekwa vijijini, na malalamiko yao hupelekwa kwa nani. Chuo kinachojibu hilo haraka na kwa majina ya ofisi kimeshafikiria watoto wenu.

Ukishaamua

Angalia tarehe kabla ya kitu kingine. Makerere huanza mwaka wa masomo Agosti, vyuo vyetu kwa kawaida Oktoba au Novemba, kwa hiyo Kampala inaweza kukutaka ulipe kabla majina ya huku hayajatulia. Uliza siku ya mwisho ya kujisajili, kama wanaruhusu kuahirisha, na kama ada hurudishwa ukijitoa. Usilipe chochote kabla ya kupata majibu hayo matatu.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja hapa nchini, TCU inakutaka uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Hakikisha laini uliyojaza kwenye maombi ni yako na iko hewani, isiwe ya stationery alikokusaidia mtu kujaza fomu. Usipothibitisha kwa wakati nafasi inakwenda kwa mwingine.

Na chuo ulichokiacha kiandikie siku hiyohiyo: jina lako, namba ya maombi, na kwamba hutakwenda. Mistari miwili inatosha. Nafasi za tiba ya mifugo ni chache, na yupo kijana aliyebaki nje akisubiri hiyo yako.