Umefunga injini ya mtumba, gari inatoa moshi na kumisi: kagua haya kabla hujaishusha tena

Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na Corolla 110 kichwani, yenye injini ya 5A ya distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi), kwa sababu ndizo zinazotujazia gereji hapa Kigoma kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Mwenye 4A afuate hivi hivi. Mwenye 1NZ hana distributa na vipimo vyake vya hewa ni tofauti, ila hatua za oili, thamostati (mlango unaozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto) na kompresheni (mgandamizo wa silinda) zinamhusu.

Injini hizi tunazipata kutoka Dar, kwa lori au kwa treni, na ikishafika huku kuirudisha ni mtihani mkubwa. Ndiyo maana inaniuma nikisikia mtu ameambiwa "injini imekufa, tafuta nyingine" wakati hakuna aliyeshika hata geji. Nikikuta moshi siku ya kwanza baada ya kufunga, naanza kushuku vitu tulivyovigusa kwa mkono: mipira, nyaya, soketi, taimingi (wakati cheche inapopigwa). Injini yenyewe naishuku mwisho.

Hatua ya 1: Ipe injini muda, kisha soma rangi ya moshi

Usihukumu moshi wa dakika tano za kwanza. Wauzaji wengi humwagia oili ndani ya silinda ili zisishike kutu stoo, na hiyo lazima iungue. Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalifikirii: ekzosi hukuibadilisha. Kama injini ya zamani ilikuwa inakula oili, bomba na saileni (kopo la kupunguza kelele) vimejaa oili yake, na injini mpya ikivipasha moto vitafuka moshi wa bluu hata kama ringi zake ni nzima kabisa. Endesha gari mpaka ekzosi yote ipate moto, ukipandisha kilima kimoja au viwili, ndipo uangalie.

Ukibaki moshi wa bluu, ni oili. Mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa asubuhi wakati wa masika hauhesabiki. Moshi mweusi wenye harufu kali ya petroli ni mafuta yanayozidi, na ukiambatana na kumisi (injini kukatakata kwa silinda isiyochoma), usiende mbali, sababu iko kwenye hatua ya 3, ya 4 au ya 5.

Hatua ya 2: Oili

Chomoa stiki uangalie. 5A inabeba kama lita 3. Watu wananunua dumu la lita 4 na kumimina lote, krenki inaipiga oili mpaka inatoa povu, inavutwa kupitia mpira wa kupumulia, na gari inafuka bluu. Punguza mpaka alama ya juu. Kagua na vali ndogo ya kupumulia iliyo juu ya kava: ukiitikisa ilie "cha cha". Isipolia imeganda, ioshe au weka nyingine.

Hatua ya 3: Nyaya za plagi

Mpangilio wa kuchoma ni 1-3-4-2. Silinda namba 1 ni ile ya upande wa mkanda wa taimingi. Fungua kifuniko cha distributa, mwambie mwenzako azungushe injini, uone rota inazungukia upande gani, kisha panga nyaya ukifuata upande huo.

Kutafuta silinda iliyolala, sipendi ile tabia ya kuchomoa waya wa plagi injini ikiwa inaunguruma. Unapigwa na umeme na unaweza kuua moduli ya moto. Chomoa soketi ya nozeli (zinazopuliza petroli), moja baada ya nyingine. Ukichomoa na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo haifanyi kazi. Na plagi weka halisi hata kama bei inauma. Plagi bandia zimejaa sokoni.

Hatua ya 4: Mpira wa sensa ya vakiumu

Soma hapa polepole, maana ndipo mafundi wanapopoteza siku nzima na wenye magari wanapopoteza hela.

5A hii haina kipimo cha hewa kwenye bomba la kuvutia. Kompyuta inakadiria hewa kwa kutumia sensa ndogo iliyofungwa kwenye ukuta nyuma ya injini, yenye soketi ya nyaya 3 na mpira mwembamba unaokwenda kwenye menifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda). Injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, menifoldi inavuta kwa nguvu, na kompyuta inaelewa kwamba hewa ni kidogo, itie mafuta kidogo. Mpira ukichomoka, ukipasuka au ukichomekwa mahali pasipo na mvuto, sensa inasoma hewa ya nje. Kompyuta inaamini umekanyaga mafuta mpaka chini, inamwaga petroli. Matokeo yake unayajua: moshi mweusi, gari inatetemeka, plagi zinalowa na kuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, inazima kwenye makutano.

Kinachowapoteza watu ni kwamba taa ya cheki injini haiwaki. Sensa yenyewe ni nzima na inatoa umeme wa kawaida, kwa hiyo kompyuta haioni kosa lolote. Kodi (namba ya kosa inayotolewa na kompyuta) 31 inakuja tu pale nyaya zinapokatika au sensa inapokufa. Fundi anasoma kodi, anakuta safi, anahitimisha kwamba ugonjwa uko ndani ya injini. Kijana mmoja wa teksi ya Ujiji aliniletea gari ikiwa katika hali hiyo, ameshaambiwa ashushe injini. Mpira ulikuwa umechomekwa vizuri kwa macho, umenyooka, hauna ufa. Lakini injini ile ilitoka kwenye Carina, menifoldi yake ina vichwa vya kuchomekea mipira vilivyokaa tofauti, na wake ulikuwa kwenye kichwa kilicho kabla ya kipepeo cha hewa (bati linalofunguka ukikanyaga mafuta). Pale sailensi hakuna mvuto wowote.

Kwa hiyo usitosheke kuona kwamba mpira upo. Fanya hivi:

Washa gari, chomoa mpira upande wa sensa, ziba tundu kwa kidole. Kidole kinyonywe mara moja na kwa nguvu. Kama hakinyonywi, ufuate mpira mpaka mwisho wake na uuhamishie kwenye kichwa kinachotoka kwenye tumbo la menifoldi, baada ya kipepeo.

Kama kinanyonywa, zima gari, washa swichi tu bila kupiga stata. Chukua mita ya umeme, pima waya wa katikati wa sensa. Bila mvuto utaona kama volti 3.5, huku kwetu mwinukoni inaweza kuwa chini kidogo ya wenzetu wa pwani. Sasa nyonya mpira kwa mdomo: volti zishuke, na zikae chini mradi unaendelea kunyonya. Zikirudi juu zenyewe, mpira au sensa inavuja. Gari ikiwa sailensi, nategemea kuona chini ya volti 2.

Usiunge mpira huu kwa mrija wa maji au mpira laini wa dripu. Ukipata joto unajibana wenyewe kwa ndani, na gari itakuwa nzima asubuhi na mgonjwa saa nane mchana. Kata kipande cha mpira mgumu wa vakiumu kutoka kwenye injini mbovu, zimejaa gereji. Baadhi ya gari zina chujio dogo la plastiki katikati ya mpira huo. Puliza, hewa ipite bila kukaza.

Ukiwa hapo hapo, chomoa mpira mwembamba wa regyuleta ya petroli iliyo mwisho wa reli ya nozeli. Ukinusa petroli au ukaona tone ndani ya mpira, ngozi ya regyuleta imetoboka na injini inanyweshwa mafuta kupitia huko. Badilisha.

Kagua na waya mnene wa athi unaotoka betri kwenda kwenye injini na bodi. Ukikaza kwenye rangi au kutu, sensa zote zinasoma uongo. Sugua mpaka chuma king'ae.

Hatua ya 5: Thamostati na sensa ya joto

Naomba mafundi wenzangu tuache kutoa thamostati. Najua sababu inayotolewa, kwamba Kigoma kuna joto. Thamostati inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, bila yake injini inakaa baridi muda mrefu, hasa usiku na kwenye mteremko, na kompyuta inaendelea kuongeza mafuta kama ya asubuhi. Mteja anarudi analalamika moshi mweusi na ulaji. Gari ikichemka, tafuta rejeta iliyoziba au feni.

Sensa inayoongea na kompyuta ina nyaya 2. Ile ya waya mmoja ni ya geji ya dashibodi. Ya nyaya 2 isome kilo-om 2 hadi 3 ikiwa baridi, na kama om 300 injini ikiwa na moto. Ikibaki juu wakati injini imechemka, itoe.

Hatua ya 6: Taimingi

Taimingi ya kusikiliza kwa sikio siikubali. Kompyuta inausogeza moto yenyewe, kwa hiyo unachokisikia kimeshachezewa.

Pasha injini. Kwenye kisanduku cha daignosisi (cha kupimia makosa) unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kompyuta iache kuingilia. Mulika puli ya krenki kwa taa ya taimingi: alama ikae kwenye digrii 10. Legeza distributa, sogeza, kaza, mulika tena. Ukitoa waya, alama iruke mbele. Isiporuka, sensa ya kipepeo haijui kwamba umeachia mafuta.

Distributa ikigota mwisho wa tundu lake kabla ya kufika 10, mkanda umeruka jino. Zungusha krenki mizunguko 2 kwa spana, kwa mkono, uelekeo wa saa, puli ikae kwenye 0, kisha tazama kitundu kidogo cha puli ya kemu kama kimelingana na alama yake.

Hatua ya 7: Kompresheni

Ikiwa mpaka hapa bado, sasa pima injini. Iwe na moto, toa plagi zote, zima nozeli na moto, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata. Injini nzima ya familia hii inatoa karibu psi 190. Chini ya 140 haifai, na silinda zisipishane zaidi ya 15 hivi. Silinda dhaifu itie kijiko cha oili upime tena: ikipanda, ringi, isipopanda, vali au gasketi ya hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imekatika katikati yao.

Moshi wa bluu unaotoka ukiachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga, ni vali sili (mipira inayozuia oili kushuka kwenye vali), na hizo zinabadilishwa bila kushusha injini. Unaotoka mfululizo ukiwa na mzigo kwenye kilima cha kwenda Manyovu ni ringi. Huyo ndiye wa kushushwa, na vipimo hivyo viandike umpe mwenye gari aende navyo kwa aliyemuuzia.

Baada ya kupona

Gari iliyokuwa inamwaga mafuta imechanganya petroli kwenye oili. Nusa stiki utaamini. Mwaga oili na chujio siku hiyo hiyo, maana oili nyepesi inakula bearingi za krenki. Kagua pia masega (kisafisha moshi) kwenye ekzosi: yakiwa yamewaka mekundu kwa muda mrefu yanaweza kuyeyuka na kuziba, gari ikakosa nguvu ingawa kila kitu kingine umekimaliza. Yagonge kwa mpini wa bisibisi, yakilia kama kokoto ndani ya kopo, yafungue.